Ganda la Subira

Bibi yangu aliyenifundisha kufinyanga aliniachia katazo moja ambalo sijawahi kulivunja: mwenye hasira hagusi udongo. Kwanza aende kwa aliyemuudhi, amwambie usoni, kwa maneno yanayosikika, ndipo arudi kwenye kazi yake. Ukifinyanga na kinyongo chungu kitapasuka, na kikipasuka usimlaumu mtu. Wasomi wa mjini wakisikia hivyo wanacheka. Na wacheke! Mimi tangu kiangazi kilipoanza sijagusa udongo, shimo langu limeanza kuota majani, na watu niliotaka kuwaambia wanakaa Same kwenye jengo la vioo, ambako mtu kama mimi haingii bila miadi.

Kumbe Mungu naye ana mipango yake. Asubuhi moja mmoja wao akaja mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka uani kwangu Usangi.

Nasema miguu kwa sababu viatu havikufika. Gari liliishia barabarani, akapanda kilima na viatu vya msimu uliokwisha, na umande ukavimaliza. Alipofika langoni soli zilikuwa zimelegea kama ugali mbichi, kisigino kimoja kimebaki huko nyuma kwenye migomba. Akasimama anavitazama vidole vyake.

"Shikamoo bibi," akasema. "Naitwa Ntandu. Natoka kampuni ya Kufumba."

"Marahaba. Viatu vyako vinamwagika kwenye uwanja wangu."

Nikaingia ndani nikamtolea makobazi ya marehemu mume wangu, ya ngozi ya ng'ombe, yaliyoshonwa kabla kijana huyu hajazaliwa. Simpendi, lakini mgeni haachwi peku. Akayageuza juu chini akitafuta tarehe.

"Yanaisha lini haya, bibi?"

"Mwenye nayo ameisha. Yenyewe yapo. Vaa."

Usimshangae. Watu wa rika lake hawajui kitu kisicho na tarehe. Kila kitu siku hizi hutoka kinuni. Kinu cha Kufumba kiko pale sokoni, kirefu kuliko mlango. Unamimina unga wao, unachagua kwenye kioo, hata chai hujamaliza, kitu kimetoka: kiti, sufuria, jembe, kitanda cha mtoto. Msimu ukiisha kile kitu kinalegea chenyewe, kinakuwa uji, unauzoa na ndoo unaurudisha kinuni kikauke kiwe unga, ununue tena. Ndiyo maana nyumba za watu zinanuka uji mchachu kila mwisho wa masika. Fundi seremala wetu alifunga karakana, fundi viatu akafuata, na ukimwambia mtoto neno kiraka anakukodolea macho.

Walipovimaliza vitu, wakaja kwenye mikono.

* * *

Wanaiita ganda. Ni ngozi nyembamba unayoivaa hadi kwenye kiwiko, na ndani yake zimo nyuzi ndogo kuliko unywele, zinazojikunja na kujikunjua kwa nguvu zinayoinyonya kwenye jasho lako mwenyewe. Fundi anavaa ganda la kunakili, anafanya kazi yake, nyuzi zinakariri. Kisha kinu kinatoa maganda mengine elfu yenye kumbukumbu hiyo hiyo. Asiyejua kushona anavaa, anashona. Kazi ikiisha, ganda linayeyuka, na yeye anabaki hajui kushona vilevile.

Mimi walinijia kwa upole. Wakasema, Bi Naetwe, vijana hawaji kujifunza, mikono yako itakwenda kaburini na kazi yake, tupe tuinakili iwekwe shuleni. Nikavaa ganda lao kiangazi kizima. Shule gani! Masika yaliyofuata nakwenda sokoni kutafuta chumvi, nakuta pembeni ya kinu maboksi yamepangwa, sura yangu juu, maandishi chini: Mikono ya Bi Naetwe, chungu chako kabla ya saa sita. Na chini kabisa, kwa herufi za kupendeza, wameandika mvumilivu hula mbivu. Mungu wangu! Nilitaka kulitia moto lile soko.

Sasa sikiliza, hili ndilo linaloniuma. Nakiete, binti wa kaka yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kumtembelea, naye ni mtu wa makande, na alishasema makande ya sufuria ya kinuni yana ladha ya mfuko. Nakiete akataka chungu. Akanipita mimi nikiwa nimekaa uani kwangu, akaenda sokoni kununua mikono yangu kwenye boksi.

Chungu kikafinyangwa vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikuja kuviona vipande vyake na nikajijua. Kilifinyangwa asubuhi na kabla ya mchana kikawa motoni, kingali na maji mwilini. Udongo wenye maji ukiupeleka motoni maji yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta njia, njia hakuna. Kikapasuka kwa mshindo tukausikia mpaka huku. Kigae kimoja kikamwingia Nakiete kwenye jicho la kushoto.

Kufumba wakampa jicho la msimu, pole ya kampuni. Akalivaa. Kichwa kilimuuma wiki kwa wiki akijifunza kuona nalo, ngazi anaziona mbili, kikombe anakikosa. Alipoanza kulizoea, msimu ukaisha, likamtiririkia shavuni akiwa kanisani. Tangu siku hiyo anafunga kitambaa cheupe, na amekataa jingine.

Basi asubuhi ile Ntandu alipofika, Nakiete alikuwa kizingitini kwangu anachambua maharage. Aliposikia jina la Kufumba mikono yake ilisimama.

* * *

"Bibi, kampuni imesikitishwa sana na ajali ya binti," Ntandu alianza, kakaa kwenye kigoda, mkoba magotini.

"Ajali ni mti kuangukia nyumba. Endelea."

"Mtumiaji alikipeleka chungu motoni kabla ya..."

"Mtumiaji ana jina. Huyo hapo. Mwambie yeye."

Akageuka. Nakiete akamtazama kwa jicho lake moja, bila hasira hata, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Kaka yangu," Nakiete akasema, "mimi sikupeleka kitu. Ganda ndilo lililokwenda. Lilikibeba chungu likakiweka kwenye kuni, mimi vidole vyangu vilikuwa ndani tu. Nilijaribu kurudi nyuma. Halirudi."

Ntandu alikohoa. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na jirani yangu Mama Sifuni alikuwa ameshaegemea ua wa michongoma na bakuli lake, anajifanya kuchuma mchicha. Nilimwacha. Kuna siku jirani mbea ni neema.

"Nitasema ukweli, bibi," Ntandu akasema. "Kuna vipande tulivikata. Wakati ule unanakili, kuna mahali mkono wako umetulia kabisa kwenye chungu, haufanyi lolote. Vilikuwa virefu na vingi. Mafundi wetu wakaviita mapumziko. Sasa mteja, bibi, huwezi kumuuzia mkono usiofanya kitu."

"Ati nini?"

"Mapumziko. Tukayakata."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka tu nilikuwa juu ya kichwa chake. "We mtoto! Ule mkono umetulia kwa sababu shavu ndilo lililokuwa kazini! Chungu kibichi unakiinua unakiweka shavuni. Kikiwa cha baridi, ndani mna maji bado. Unakirudisha kivulini, unakwenda shambani, unarudi, unakiweka shavuni tena. Siku ubaridi ukikoma ndipo unaita kuni. Hiyo ndiyo kazi! Kukizungusha na kukilainisha anaweza hata mlevi. Mmechukua kazi mkaitupa, mkauza kilichobaki na picha yangu juu!"

"Ganda halifiki shavuni," Ntandu akasema kwa sauti ndogo.

"Mngeniuliza!"

"Heee!" Mama Sifuni akasema kule kwenye michongoma. "Kumbe waliyakata wenyewe!"

Ntandu akafungua mkoba haraka, akatoa ganda jipya, la rangi ya kahawia, zito kuliko yale ya sokoni. Akasema wamejifunza. Akasema hili linaitwa Ganda la Subira, kila kilichokatwa kimerudishwa, hakuna chungu kitakachopasuka tena nchi hii. Kilichobaki ni idhini yangu, maana sheria ndogo moja iliyobaki kutulinda sisi mafundi inasema ganda jipya la mikono yako haliuzwi mpaka uione kazi yake na utamke umeridhika.

"Na ukitamka, bibi," akainama mbele, "binti atapata jicho. Si la msimu. La kudumu. Atazeeka nalo."

Maharage yalimmwagikia Nakiete.

"Lipo?" akauliza. "Jicho lisiloyeyuka lipo?"

"Lipo dada. Tunalo ghalani Same. Unalizoea mara moja, basi."

"Mbona hamkunipa hilo?"

Sijui kwa nini alijibu ukweli. Labda makobazi ya mume wangu yalimtia adabu. "Dada, jicho la kudumu mtu hununua mara moja tu katika maisha yake. Kampuni haiwezi kuishi kwa biashara ya mara moja."

Mnaona? Miaka yote hii wanatuambia unga haudumu, ndivyo ulivyo, ni sayansi, tuwashukuru kwa bei rahisi. Tumezoa uji kwa ndoo. Tumelala kwenye vitanda vinavyotudondosha. Binti akatiririkwa na jicho kanisani mbele ya watu! Na kumbe wanaweza. Wanajua kufanya kitu kikadumu, wanakijua vizuri, wamekifungia ghalani. Niliyoyasema hapo siyaandiki, mchungaji asije akayasoma, lakini Mama Sifuni aliacha kujifanya anachuma mchicha, akaingia akaketi.

Nilipomaliza, Nakiete akasema, "Shangazi, mpe idhini."

"Nakiete..."

"Mpe. Wewe una macho mawili."

Nikamgeukia Ntandu. "Sheria inasema niione kazi. Nataka kuiona. Vaa wewe."

"Mimi? Bibi, nina picha zake hapa kwenye kioo, naweza kukuonyesha..."

"Udongo uko shimoni, umefunikwa majani ya mgomba. Mimi siugusi, nina hasira nawe. Uchimbe mwenyewe."

Akacheka kidogo, akatazama saa, akavua koti. Hakuuliza kazi itachukua muda gani. Mtu aliyekulia kinuni haulizi.

* * *

Sitasema uongo, kuiona mikono yangu kwenye viwiko vya mwanamume kulinichoma. Ganda lilimkaa, likakaza, na vidole vyake laini vya ofisini vikaanza kuponda udongo kwa mdundo wangu, ule wa bibi yangu, na kidole gumba kikipita ukingoni kwa namna ambayo mimi hata sikujua ninafanya. Alikuwa anatabasamu. "Bibi, ona! Ona!" Tumbo la chungu likapanda, shingo ikaja, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akalainisha kwa jiwe. Chungu kizuri cha makande, kinachoweza kulisha nyumba nzima.

Kisha mikono yake ikashuka, ikakumbatia tumbo la chungu, ikatulia.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa unasubiri."

"Ahaa. Vizuri." Akasubiri. Kitu kikamlia sikioni, simu ya watu wao, akataka kunyanyua mkono akaguse sikio. Mkono haukunyanyuka. Akavuta. Mabega yakaenda, mikono ikabaki. "Linaachia lini?"

"Mlilitengeneza nyinyi."

"Linaachia chungu kikikauka," akasema polepole, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa mbali. "Kinakauka lini, bibi?"

"Jua likiwa zuri hivi, kesho kutwa. Mawingu yakitanda, Mungu ndiye ajuaye."

Mama Sifuni alicheka hadi akashika mbavu.

Hapo ndipo nilipoelewa walichokifanya, na hasira yangu ikapanda ngazi nyingine. Mimi sijawahi kukaa nimekishika chungu hadi kikauke! Nani ana muda huo? Ninakigusa, naenda kupalilia. Naenda kwenye msiba, narudi nakigusa. Napika, nagombana na kuku, nakigusa. Kusubiri kwangu kuna miguu. Wao mara ya kwanza waliona mkono umetulia wakaita mapumziko, wakakata. Mara ya pili wakaona mkono umetulia wakaita subira, wakatengeneza pingu.

"Njia ya kulivua iko wapi?" nikamuuliza.

"Haikuwekwa. Wateja wangelivua kabla ya wakati, chungu kingepasuka, lawama ingerudi kwetu."

"Na mama aliyelivaa, mtoto akianguka kisimani?"

Akaelekeza macho kwenye mkoba wake.

"Nakuuliza, bwana mkubwa! Nyumba ikiwaka?"

"Hilo... hilo halikujadiliwa, bibi."

Jua likapanda. Inzi akampata. Yule inzi alimtua puani, akatembea hadi jichoni, akarudi, na Ntandu akipuliza na kutingisha kichwa. Akaomba maji, nikamnywesha kwa kata. Makande yalipoiva nikamlisha kijiko kwa kijiko mbele ya Mama Sifuni na wanawake wengine aliowaita, na kila kijiko nilimpa pole kwa sauti ya kumcheka. Simu ikimlia sikioni, ikinyamaza, ikilia tena. Alasiri machozi yakamtoka. Aliapa, akabembeleza, akaniita mama yake mzazi.

Na mimi nilikuwa naijua dawa. Ganda lile la kunakili lilinibanduka mkononi siku moja nikisugua masufuria kwa maji ya majivu. Magadi yaliyomo kwenye majivu ya mgomba yanazila zile nyuzi; walinigombeza sana siku ile, wakaniletea jingine. Chungu cha maji ya majivu kilikuwa jikoni kwangu, kimejaa. Nilijua, nikanyamaza, nikaendelea kumtazama. Nisiwadanganye, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu kiangazi kianze.

Kisha nikainama sikioni kwake. "Unaweza kuagiza jicho lile liletwe? Sasa hivi, kwa mdomo wako?"

"Naweza! Nibonyezee tu hapa sikioni, bibi, linafika kabla ya jioni!"

"Liagize basi. Likifika, nakufungua. Lisipofika, ukae na chungu chako."

"Shangazi."

Nakiete alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkononi ana kile chungu cha maji ya majivu kutoka jikoni.

"Kirudishe," nikamwambia. "Jicho lako linakuja."

"Sikiliza anavyopumua."

"Na apumue!"

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa napumua mimi." Sauti yake ilipanda, na wanawake wakageuka. "Mikono yangu imeshikwa, inakwenda motoni, nami naivuta hairudi! Nikakiona kile chungu kinawekwa. Nikajua kitapasuka, sijui nilijuaje, nilijua tu, na mikono haikunisikia. Wewe unacheka, shangazi? Jicho litakalopatikana kwa mtu kupumua hivyo, nitaliweka usoni kwangu niwe naona nini nalo?"

"Nakupigania wewe!"

"Unapigania chungu!" Akakiweka chini kile cha majivu, kikamwagika kidogo. "Utanisikia leo. Unajua kwa nini nilikwenda kununua mikono yako? Nilikuja kwako, tangu niko msichana nimekuja. Kila nikija unaniambia keti, subiri. Nakaa. Nasubiri. Hukuwahi kuniambia nasubiri nini! Ungesema neno moja tu, weka shavu, sikiliza baridi, ningekaa mwaka. Ulisema subiri kama mtu anavyomwambia mbwa. Lile boksi, shangazi, angalau lilinishika mkono."

Nilimtazama Ntandu, na mikono yangu iliyokuwa mikononi mwake, imekakamaa kwenye tumbo la chungu, haijui kiko hali gani. Hakukitazama hata mara moja tangu mikono ilipotulia. Alikuwa hasubiri kitu. Alikuwa ameshikwa tu.

Nikachukua kata, nikammiminia yale maji ya majivu juu ya ganda.

* * *

Ganda lilichukua muda kulegea, likaanza kudondoka matonge ya kahawia kwenye vumbi. Ntandu akaichomoa mikono yake akaikumbatia kifuani, akasugua pua kwa nguvu hadi ikawa nyekundu.

"Idhini siitoi," nikamwambia. "Wala ya hili, wala ya jingine. Na sura yangu itoke kwenye yale maboksi. Nimekwambia usoni, umesikia?"

"Nimesikia." Akaokota mkoba. Kwenye lango akageuka, na alipozungumza ilikuwa sauti ya jengo la vioo tena. "Lakini bila idhini, bibi, na lile jicho halipo. Sijawahi kulitaja."

"Ulilitaja asubuhi," Mama Sifuni akasema. "Mimi nilikuwa na mchicha wangu pale. Ukasema mlikata wenyewe, ukasema jicho lipo ghalani Same, na biashara yake ni ya mara moja. Tena hapo ulikuwa hujafungwa popote. Nitasema hivyo kwenye baraza la kata na nitaapa."

Nakiete alimfuata hadi langoni. "Nitalidai hilo jicho, kaka. Kwa jina langu, kwa jicho langu, kwa vile vipande mlivyovikata. Haliuzwi kwa mikono ya shangazi yangu."

"Mabaraza yanachukua miaka, dada."

"Nitasubiri," Nakiete akasema. "Safari hii najua nasubiri nini."

Akaenda zake. Alipofika kwenye migomba ndipo nikakumbuka, nikapaza sauti: "Na makobazi uyarudishe!" Hakugeuka.

Wanawake wakatawanyika. Chungu kilibaki katikati ya uwanja, kizuri, kibichi, na jua la alasiri lilikuwa limeanza kukipiga upande mmoja. Kikiachwa hivyo kingepata ufa kabla ya magharibi. Nikaenda kukichukua. Mkono ukaishia njiani.

Nilikuwa nimeshamwambia Ntandu yote, usoni, kwa maneno yaliyosikika na kata nzima. Katazo la bibi lilipaswa kuwa limekwisha. Lakini moyo ulikuwa unachemka vilevile, kwa ajili yao, kwa ajili ya lile ghala, na kwa ajili yangu mwenyewe, kijiko mkononi, namcheka mtu aliyefungwa. Nikaurudisha mkono nyuma.

"Siwezi," nikasema. "Bado nina hasira."

"Mimi sina," Nakiete akasema. "Mimi nimeshasema."

Akainama, akakinyanyua chungu kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kiganja kimoja chini. Nilitaka kumwambia angalia shingo. Nikajizuia, kisha nikaona huko kujizuia ndiko kulikonifikisha hapa.

"Kiweke shavuni," nikamwambia. "Upande wenye kitambaa, hapo ngozi inasikia zaidi. Si kwa nguvu. Usikilize baridi. Baridi ya juujuu ni ya hewa, iache ipite. Kuna nyingine nyuma yake, inatoka ndani polepole. Hiyo ndiyo maji."

Akaegemeza tumbo la chungu shavuni, chini ya kitambaa cheupe. Akafumba jicho lake lililobaki. Nikamwacha, wala sikumuuliza kitu.

"Ipo," akasema mwishowe. "Naisikia, shangazi. Bado sana."

Akakipeleka kivulini, akakifunika jani la mgomba, akaenda kuokota maharage yake.